Kukomaza miche ya paina kando ya Ziwa Victoria: mwongozo kamili wa kuamsha jeni za ukame kabla ya siku ya kupanda

Mche wa paina uliomwagiliwa asubuhi na jioni hadi siku ya kuuzwa huwa mrefu, laini na wa kijani cha kuvutia. Mnunuzi huuchukua huo kwanza. Ukipandwa kwenye luseni, ule udongo mwepesi wa kichanga uliojaa Usukumani, na mvua ikakatika majuma mawili tu, huo ndio unaokauka wa kwanza. Pembeni yake mche mfupi, mgumu wa shina, wenye sindano za kijani kilichofifia kidogo, unabaki hai. Mara nyingi yote miwili imetoka kwenye mbegu za mfuko mmoja. Kinachoitofautisha ni jeni zipi zilikuwa zimeamka ndani yake ilipotoka kitaluni.

Mwongozo huu ni wa kazi hiyo ya kuziamsha. Nimeuandika kwa wenye vitalu vidogo wa Mwanza, Sengerema, Buchosa, Ukerewe na mwambao wa Kagera, na kwa wanafunzi wanaotaka kupima jambo hili maabara. Nauandika kwa sababu inaniuma kuona mtu ametoa fedha zake, amechimba mashimo mia nane, halafu Februari anang'oa vijiti vikavu.

Ndani ya mche kuna nini

Kila seli ya mche ina jeni zote za mti. Kwa saa yoyote ile, zinazofanya kazi ni baadhi tu. Jeni ikiamka, seli hunakili maelekezo yake kwenye molekuli iitwayo mRNA, na kutoka kwenye nakala hiyo hutengenezwa protini. Nakala zikiwa nyingi, kwa kawaida protini nayo huongezeka. Jeni ikizimwa, nakala huvunjwa na kuisha.

Miti ya jamii ya misonobari, ambayo paina ni mmojawapo, ina DNA kubwa ajabu. Spruce ya Norway, ndugu wa paina, ilipochapishwa jenomu yake (yaani DNA yake yote) mwaka 2013, ilikutwa na herufi bilioni 20 hivi. Mwaka 2014 ikafuata paina ya loblolly ya Marekani, yenye herufi bilioni 22 hivi. Binadamu tunazo kama bilioni 3. Sehemu kubwa ya wingi huo ni vipande vinavyojirudia tu, maana jeni zenyewe za spruce zilihesabiwa kuwa elfu 28 na ushei. Kwa mwenye kitalu, lililo muhimu ni kwamba jeni za kuhimili ukame tayari zimo ndani ya mche. Hakuna dawa ya kununua. Kinachotakiwa ni ishara sahihi, kwa kasi sahihi.

Ishara huanzia kwenye ukavu. Maji yakipungua kwenye udongo, homoni iitwayo asidi ya absisiki, kwa kifupi ABA, huongezeka ndani ya sindano. ABA ikishikwa na protini zake pokezi, vimeng'enya viitwavyo SnRK2 huachiwa huru. Vyenyewe hufanya mambo mawili: huamuru stomata, vile vitundu vidogo vya sindano vya kupitishia hewa na mvuke, zifunge, na huamsha protini zinazokwenda kukaa kwenye DNA na kuwasha jeni za ukame. Hapo huanza kutengenezwa protini ziitwazo dehidrini na ndugu zake wa kundi la LEA, ambazo hulinda utando wa seli na protini nyingine zisiharibike maji yanapopungua. Hutengenezwa pia vimeng'enya vya kuzima oksijeni kali inayozalishwa na dhiki, pamoja na sukari na chembe nyingine za kushikilia maji ndani ya seli. Kwenye paina ya loblolly kuna jeni zilizopewa jina la LP3, zilizogunduliwa kwa sababu huamka mche unapokosa maji.

Sasa shika jambo la muda, maana hatua zote zinazofuata zimejengwa juu yake. ABA huongezeka ndani ya saa chache. Nakala za jeni nyingi hufuata katika saa hizo hadi siku chache. Lakini protini zikusanyike, sindano mpya ziote zikiwa na nta nene, na mizizi mipya isambae, hayo ni ya siku nyingi hadi majuma. Mche unaokaushwa ghafla kwa mchana mmoja wa jua la Septemba hupoteza maji haraka kuliko unavyoweza kujitengenezea kinga. Mirija yake ya maji huingia hewa, na mrija ulioingia hewa hauokolewi na jeni yoyote. Mche unaokaushwa pole pole hupata nafasi ya kujipanga.

Aina na mbegu

Usawa wa ziwa uko kwenye mita 1,134 hivi juu ya bahari, na Mwanza ni ya joto. Pinus patula, paina ya Meksiko inayotawala kwenye nyanda za juu kama Sao Hill, hupenda baridi kuliko ile tuliyo nayo mwambaoni. Kwa huku chini, mshauri yeyote makini atakuelekeza kwenye Pinus caribaea, paina ya Karibi, ambayo kwao ni nchi za chini za Amerika ya Kati, Kuba na Bahama. Ina namna tatu kulingana na kwao: caribaea ya Kuba, bahamensis ya Bahama, na hondurensis ya Amerika ya Kati.

Nunua mbegu inayojulikana asili yake, na uandike asili hiyo kwenye daftari. Huu haukuwa usumbufu wa makaratasi hata siku moja. Watafiti wa Norway walionyesha kwamba spruce ambazo viinitete vyake vilikua kwenye joto huzaa miche inayochelewa kufunga machipukizi yake mwisho wa msimu wa kukua, kuliko ndugu zao wa mama yule yule waliokua kwenye baridi. Yaani mti hubeba kumbukumbu ya hali ya hewa tangu ungali ndani ya mbegu, bila herufi za DNA kubadilika. Mbegu isiyojulikana ilikotoka ina historia usiyoijua, na utaigundua shambani.

Nitaje hapa jambo linalochanganya watu wengi: mivinje inayopandwa kwenye fukwe na hotelini, yenye majani membamba yanayoning'inia, haimo katika jamii ya misonobari kabisa. Ni mti wa maua. Usichukue udongo wa chini yake ukidhani una kuvu wa paina. Ukitaka kuona jamaa wa misonobari aliye mwenyeji wa ziwa hili, nenda msitu wa Minziro huko Kagera, mpakani na Uganda, ambako mipodo mikubwa husimama kwenye ardhi inayofurika maji kwa msimu. Huko dhiki iliyozoeleka ni mafuriko, kinyume cha hii tunayoijadili.

Kalenda: hesabu kurudi nyuma

Mvua za mwambao huu huja mara mbili: za vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, na za masika kuanzia Machi hadi Mei. Juni hadi Septemba ni kavu. Januari na Februari mvua hupungua lakini hazikomi.

Paina ya Karibi huchukua kama miezi 6 kutoka kusia hadi kufikia sentimita 20 au 25. Ukitaka kupanda Novemba, sia mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei. Napendelea sana ratiba hii. Sababu yenyewe ni kwamba sehemu kubwa ya kipindi cha kukomaza itaangukia Septemba na Oktoba mwanzoni, wakati ambapo maji yote yanayofika kwenye kiriba, ule mfuko wa plastiki wa kukuzia mche, yanatoka mkononi mwako. Ukilenga kupanda Machi, kukomaza kutaangukia Januari na Februari, na mvua moja ya usiku inafuta kazi ya siku kumi. Wanaopanda Machi lazima wawe na nailoni nyeupe ya kufunika matuta, iliyoinuliwa kwenye fito ili hewa ipite.

Udongo wa viriba na kuvu wa mizizi

Paina haikui vizuri bila mikoriza, yaani kuvu wanaoishi kwenye mizizi yake na kuipatia maji na fosforasi. Udongo wetu wa asili hauna kuvu hao kwa kawaida, na historia ya kupanda paina Afrika imejaa vitalu vilivyobaki na miche ya njano hadi pale udongo wa msitu wa paina ulipoletwa.

Chota udongo huo chini ya paina zenye afya, kwa ruhusa ya mwenye shamba. Kuna mashamba ya serikali ya miti ya Rubya kule Ukerewe na Buhindi upande wa Buchosa, na wengi wetu tunaishi si mbali na shamba la mtu binafsi. Ondoa sindano kavu za juu, chukua sentimita 10 za kwanza, uangalie kama kuna nyuzi nyeupe. Kama miti ya hapo ina matawi yanayokufa au mizizi iliyooza, tafuta kwingine, kwa sababu utakuwa unabeba ugonjwa.

Mchanganyiko wangu ni madebe manne ya udongo wa juu, debe moja la mchanga wa mtoni, debe moja la mboji iliyooza kabisa na nusu debe ya udongo wa paina. Usitumie udongo mweusi wa mbuga. Ukilowa hukosa hewa, na ukikauka hupasuka na kukata mizizi, na hutaweza kudhibiti ukavu wake.

Kusia nitakupitisha haraka. Loweka mbegu kwenye maji baridi saa 24, sia kwenye mchanga safi, funika kwa unene wa mbegu yenyewe, weka kivuli chepesi. Huota kati ya juma la kwanza na la tatu. Hamishia kwenye viriba wakati mche bado umebeba ganda la mbegu kichwani au umelidondosha hivi punde, ukiushika kwenye sindano zake na kamwe si kwenye shina. Maji mengi hatua hii huleta kinyausi, ule ugonjwa unaokata vichanga usawa wa udongo. Kwa miezi mitatu au minne inayofuata acha ukue kwa raha. Mche mchanga mno usiadhibiwe, hauna akiba ya kutengenezea kinga.

Kukomaza

Anza majuma 6 hadi 8 kabla ya tarehe ya kupanda. Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo vitalu vingi hukosea kwa kufanya mambo matano siku moja.

Anza na mizizi. Mizizi iliyotoboa chini ya kiriba na kuingia ardhini inaupa mche maji usiyoyajua, na jaribio lolote la ukame litakuwa bure. Inua viriba kimoja kimoja, kata mizizi iliyotokeza kwa mkasi au kisu kikali, kisha vipange upya juu ya nailoni au kichanja. Kukata mizizi kwenyewe ni dhiki ya maji. Kwa hiyo mwagilia siku hiyo, weka kivuli siku mbili tatu, na usianze kukausha mpaka juma lipite.

Katika juma hilo hilo acha mbolea ya naitrojeni. Naitrojeni nyingi huendeleza ukuaji laini wa ncha, na mche unaokimbia kurefuka hauwekezi kwenye kinga. Ukiwa na mbolea yenye potasiamu, huo ndio wakati wake, maana potasiamu hutumika kusawazisha maji ndani ya seli na kufungua na kufunga stomata.

Kisha ukame wenyewe, na hapa nakuomba uache kutumia jicho peke yake. Maharage yakikosa maji hulegea saa hiyo hiyo ukayaona. Paina haifanyi hivyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tasmania walilinganisha misonobari ya aina nyingi wakakuta njia mbili. Jamii ya paina huongeza ABA na kufunga stomata mapema, sindano zikiwa bado zina maji. Baadhi ya miti ya jamii ya sipresi, ukame ukizidi, hupunguza ABA na kuacha ukavu wenyewe ufunge stomata, huku mirija yao ikivumilia mvutano mkubwa. Kwa hiyo mche wako wa paina unaweza kuonekana mzima kabisa ilhali umefunga milango siku nne, hautengenezi chakula, unakula akiba. Utakapouona umelegea ncha, umeshafika mbali.

Tumia mizani, hata ile ya jikoni ya kupimia unga. Chagua viriba kumi kutoka sehemu mbalimbali za tuta, vitie alama kwa kamba nyekundu. Vimwagilie jioni hadi vichuruze, acha usiku kucha, vipime asubuhi. Huo ndio uzito wa kushiba. Viriba viwili vingine vitoe kafara: vianike juani vikiwa vimepasuliwa hadi uzito usipungue tena. Huo ni uzito wa ukavu. Tuseme kushiba ni gramu 1,000 na ukavu ni gramu 750. Maji uliyo nayo ni gramu 250.

Mzunguko wa kwanza, acha hadi nusu ya maji iondoke, yaani mizani isome 875 kwa wastani wa viriba kumi. Mwagilia hadi vichuruze. Fanya hivyo mara mbili. Mzunguko unaofuata, acha hadi theluthi mbili ziondoke, mizani isome kama 835. Huo nao ufanye mara mbili. Ule wa mwisho, juma moja hivi kabla ya kupanda, acha hadi ncha changa zilegee kidogo saa nane mchana, kisha uziangalie alfajiri. Zikiwa zimesimama, mche una nguvu: mwagilia. Zikiwa bado zimeinama alfajiri, umevuka mpaka: mwagilia mara moja, weka kivuli, na urudi kwenye kiwango cha nusu kwa juma zima.

Kila mzunguko unachukua siku ngapi? Inategemea upepo, ukubwa wa kiriba na ukubwa wa mche. Ndiyo maana naamini mizani kuliko kalenda. Kitalu kilicho wazi kwa upepo wa ziwa wa mchana hukauka tofauti na kilicho nyuma ya mawe makubwa ya Mwanza, ingawa ni kilomita moja tu kati yao. Pima kila asubuhi saa ile ile. Andika.

Kwa nini mizunguko, badala ya kukausha mara moja kwa muda mrefu? Mche ukinyweshwa, nakala nyingi za jeni za ukame hushuka, lakini sehemu ya kinga hubaki, na mizizi hukua vizuri kipindi cha shibe. Zaidi ya hayo, kwenye Arabidopsis, mmea mdogo unaotumiwa sana maabara, imeonyeshwa kwamba baadhi ya jeni zilizowahi kuwashwa na ukame huwaka kwa nguvu zaidi ukame unaporudi. Mche wa msitu nao una namna zake za kukumbuka, kama zile spruce za Norway zinavyoonyesha. Mizunguko mitano yenye nafasi ya kunywa katikati huupa mafunzo, na huuachia chakula cha kutosha.

Joto lina njia yake tofauti. Protini za mshtuko wa joto huwashwa ndani ya dakika, seli zinapopata joto kali kuliko zililozoea, na kazi yake ni kuzuia protini nyingine zisikunjuke na kugandamana. Mchanga mkavu wa mwambaoni juani huunguza shina pale linapogusa udongo. Utaona pete ya kahawia iliyobonyea. Kwa hiyo ondoa kivuli kwa awamu: juma la kwanza jua la asubuhi hadi saa nne, juma la pili hadi saa sita, kisha kutwa nzima. Viriba vya pembeni mwa tuta, ambavyo plastiki yake nyeusi hupigwa na jua ubavuni, vizungushie udongo au majani makavu. Na usiondoe kivuli siku ile ile unayoanza mzunguko mkali wa ukame. Dhiki mbili kwa pamoja si jumla ya dhiki mbili: stomata zikifungwa na ukame, sindano haziwezi kujipoza kwa kutoa mvuke, na joto lake hupanda zaidi.

Mwisho wa kukomaza, mche utakuwa mfupi kuliko wa jirani, shina likiwa gumu na la kahawia chini, na ukiukunja kwa kidole unarudi. "Mwanangu, mbona yako imekonda hivi?" aliniuliza mama mmoja aliyekuja kununua kutoka ng'ambo ya ghuba. Nikamwambia, "Mama, hii imefundishwa kiu. Chukua ishirini za hapa na ishirini za kule, zipande mstari mmoja." Muuzaji mwenzangu, usimlazimishe mteja aamini. Mpe mstari wa kulinganisha.

Kwa anayetaka kuziona jeni zenyewe

Mwanafunzi wa chuo, sehemu hii ni yako. Mwenye kitalu anaweza kuruka hadi siku ya kupanda.

Gawa miche yako makundi mawili ya nasibu, inayokomazwa na inayomwagiliwa kila siku, na usichukue sampuli chini ya miche minne au mitano kila kundi. Kuunganisha sindano za miche yote kwenye mfuko mmoja kunakupa sampuli moja, hata ukiipima mara kumi. Chukua sindano saa ile ile kila siku, kwa kuwa jeni nyingi hupanda na kushuka kwa mzunguko wa mchana na usiku, na ukichukua kundi moja asubuhi na jingine jioni utapima saa badala ya ukame. Andika uzito wa kiriba wa wakati huo. Bila uzito huo, neno "ukame" kwenye ripoti yako halina kipimo.

Nakala za jeni huvunjika upesi sana, na kule kukata tu sindano huwasha jeni za kidonda. Tumbukiza sindano kwenye naitrojeni ya kimiminika papo hapo. Ni ile ile wanayobebea mbegu za ng'ombe wahimilishaji, kwa hiyo uliza kwao kabla ya kuagiza mbali. Vinginevyo tumia kimiminika cha kuhifadhi RNA, ukikata sindano vipande vidogo ili kipenye, maana nta huzuia.

Sindano za paina zina polifenoli, utomvu na sukari ndefu nyingi, na vifaa vya kawaida vya kutoa RNA hushindwa nazo mara kwa mara. Njia inayotegemewa ni ya sabuni ya CTAB yenye PVP na merkaptoethanoli, kisha RNA ikatuamishwa usiku kucha kwa kloridi ya lithiamu. Njia hii ilichapishwa mwaka 1993 mahsusi kwa ajili ya paina na bado ni msingi. Pima uwiano wa ufyonzaji wa mwanga wa 260/280, uwe karibu na 2.0. Ule wa 260/230 ukiwa chini sana, bado kuna polifenoli, usiendelee. Ondoa DNA kwa kimeng'enya cha DNase kabla ya kutengeneza cDNA, yaani DNA inayonakiliwa kutoka kwenye RNA.

Kwenye qPCR, kipimo kinachozidisha nakala mzunguko kwa mzunguko ili kuzihesabu, linganisha jeni yako, tuseme dehidrini moja, na jeni rejea zisizopungua mbili ambazo umeshahakikisha hazibadiliki kwa ukame. Mfano wa hesabu: mche ulioshiba, dehidrini imeonekana mzunguko wa 27.0 na rejea 20.0, tofauti 7.0. Mche uliokaushwa, dehidrini 23.5 na rejea 20.2, tofauti 3.3. Toa 7.0 kwenye 3.3 upate hasi 3.7. Mbili kwa kipeo cha 3.7 ni karibu 13. Nakala zimeongezeka mara 13, ikiwa vianzishi vyako (primers) vinazidisha mara mbili kamili kila mzunguko. Hakikisha kwa mkunjo wa viwango (standard curve). Kisha, tafadhali, usiandike kwamba mche umekuwa sugu mara 13. Umepima nakala. Usugu unapimwa kwa miche iliyobaki hai shambani.

Siku ya kupanda

Subiri ardhi ilowe hadi sentimita 20 au zaidi. Mvua ya kwanza ya Oktoba hudanganya wengi. Chimba kwa jembe, shika udongo wa chini, ufinyange: ukishikana, panda.

Mwagilia viriba jioni ya kuamkia siku ya kupanda hadi vichuruze. Kukomaza kumekwisha, sasa mche uende ukiwa umeshiba na kinga yake ikiwa imejengwa. Wakati wa kubeba, upepo wa gari au wa feri hunyonya maji kwenye sindano kwa kasi ambayo ABA haiwezi kuifikia, kwa hiyo funika kwa turubai, lakini ukisimama juani lifunue, kwani chini yake joto hupanda upesi. Panda asubuhi au jioni.

Nafasi ya mita 3 kwa 3 inakupa miti 1,111 kwa hekta. Chana kiriba chote ukitoe. Kukiacha kinazunguka mizizi ni kuunyonga mti. Bonge la udongo lisivunjike. Fukia usawa ule ule wa shina uliokuwa kitaluni, kandamiza kwa kisigino, safisha magugu duara la mita moja na uweke majani makavu, yasiguse shina. Zungushia shamba barabara ya moto kabla ya Juni, na ukubaliane mapema na wafugaji wa jirani kuhusu njia ya ng'ombe. Hakuna jeni ya kuhimili kwato.

Hesabu miche iliyo hai baada ya mwezi mmoja na baada ya miezi mitatu, mstari kwa mstari, ukitenganisha iliyokomazwa na ile ya kulinganishia. Ule uliokauka uchimbue uangalie mizizi. Ikiwa haijatoka kabisa nje ya bonge la kiriba, tatizo lilikuwa mizizi iliyojisokota au udongo wa shamba uliokuwa mkavu siku ya kupanda. Ikiwa imetoka vizuri na shina lina pete ya kahawia, ni joto la mchanga. Ikiwa imeliwa, ni mchwa. Bakiza kitaluni mche mmoja kwa kila kumi uliyopanda, iendelee kwenye mizunguko ya nusu, na mvua za Machi zikishika, panda mapengo kwa hiyo.